Ngalawa iliyozunguka boya la Bongoyo ikiwa ya pili ilipitwaje njiani kurudi Msasani?

#1 MkaziWaMsasani
Wakuu, salaam. Jumamosi iliyopita nilikaa ufukweni Msasani tangu saa saba mchana nikitazama mashindano ya vyombo vya tanga yaliyochanganya aina nyingi katika alasiri moja: Laser za mtu mmoja, Hobie 16 ambazo ni katamarani (vyombo vya mitumbwi miwili iliyounganishwa) za watu wawili, watoto na Optimist zao waliopewa njia fupi karibu na pwani, na ngalawa nne za wavuvi wetu. Vyombo vikubwa viliondoka mstarini saa nane, vikaelekea boya lililotiwa nanga kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Bongoyo, kisha vikageuka kurudi.

Wakati wa kwenda, ngalawa moja yenye kiraka cha buluu kwenye tanga ilizipita Laser zote, na kwa darubini niliiona ikizunguka boya ikiwa ya pili, nyuma ya katamarani moja tu. Wakati wa kurudi mambo yakageuka. Laser zilianza kuipita moja baada ya nyingine, na ilipokata mstari ilikuwa ya saba. Matokeo yalipobandikwa jioni, aliyepewa ushindi wa jumla hakuwa katamarani iliyotangulia kufika bali kijana mmoja wa Laser, na ngalawa zikaandikwa kwenye orodha yao peke yao.

Mimi nasema ngalawa ile haikushindwa kwa mwendo. Ilishindwa na maji, kwa sababu bahari ilikuwa inakupwa na wote waliorudi walikuwa wakipanda mkondo, na chombo kizito huumia zaidi katika hali hiyo. Wenye ujuzi watueleze.

#2 PwaniAsubuhi
Naunga mkono. Mkondo wa pale kati ya Bongoyo na rasi si wa mchezo, hata boti za injini zinazopeleka wageni kisiwani huusikia.

#3 NahodhaMstaafu
Mleta uzi, twende taratibu. Jumamosi ile ilikuwa siku ya pili tangu mwezi kuandama, kwa hiyo tulikuwa kwenye bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kwa wingi. Hapa Dar es Salaam maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Mbio zilianza saa nane. Maana yake ni kwamba kuanzia saa nane hadi saa kumi na kitu maji yalikuwa yanajaa, yakiingia ghubani kuelekea kusini, na kama kuna aliyesaidiwa na maji basi ni yule aliyekuwa akirudi. Waliozuiwa ni wale waliokuwa wakienda, tena katika saa ya tano ya maji kujaa, wakati ambao mkondo huwa bado una nguvu. Ngalawa yako iliwapita wenzake maji yakiwa usoni.

Jambo la pili ni kwamba mkondo hauchagui kizito na chepesi. Vyote vilivyomo ndani yake huchukuliwa sawasawa, na tofauti hutokea tu kwa sababu chombo cha polepole hukaa ndani ya mkondo kwa muda mrefu zaidi.

#4 PwaniAsubuhi
Shikamoo mzee. Hesabu ya bamvua naielewa, lakini umesahau kuwa pwani yetu ina mkondo mkubwa wa bahari unaokwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati huu wa kusi ndipo unapokuwa mkali. Huo hauulizi mwezi umeandama lini. Aliyekuwa akirudi kusini alikuwa akiupanda.

#5 NahodhaMstaafu
Marahaba. Mkondo huo upo, na wanaotweka kwenda Unguja wakati wa kusi wanaufaidi. Lakini uko nje, kwenye maji makuu. Ndani ya ghuba ya Msasani, rasi iko upande wa mashariki, na Bongoyo na miamba yake inaziba kwa mbele, kwa hiyo kinachotawala humo ni kujaa na kupwa.

#6 Foromali
Tuache maji kwanza, tutazame upepo, kwa sababu ndiko jibu liliko. Kusi la mwezi huu huvuma kutoka kusini-mashariki, na alasiri husogea kidogo kuelekea mashariki. Anayetoka Msasani kwenda upande wa Bongoyo anaupata nyuma na ubavuni. Hapo tanga la pembetatu lililoning'inia kwenye foromali ndefu, ule mti unaobeba tanga, halina mpinzani, kwa kuwa ni pana, lina tumbo, na ncha yake ya juu inachukua upepo ambao tanga fupi haliufikii.

Kurudi ni kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kukata mapande huku na huku. Laser iliyoshikwa vizuri inakwenda joshi kwa nyuzi 45 hivi kutoka upepo unakotoka, wakati ngalawa ikibanwa kiasi hicho tanga linaanza kupigapiga na chombo kinapoteza mwendo, kwa hiyo nahodha anaiachia ishuke. Tuseme ngalawa inakwenda kwa nyuzi 60 na boya liko maili 3 za baharini kutoka mstarini, upepo ukitoka moja kwa moja mbele. Kwa hesabu ya pembe, mwenye Laser atasafiri maili 4.2 kufika, na mwenye ngalawa atasafiri maili 6. Mwendo ukiwa sawa kabisa, bado mmoja ana njia ndefu kwa karibu nusu nzima. Hapo bado hujahesabu kusukumwa pembeni, maana Laser ina ubao unaoshushwa katikati kuzuia jambo hilo na ngalawa haina.

#7 MwanaKunduchi
Salaam. Nimezaliwa Kunduchi, na ngalawa nimeanza kupanda kabla sijajua kusoma, kwa hiyo niruhusuni niseme neno, maana naona chombo chetu kinahukumiwa na watu wa ufukweni.

Ngalawa inabisha. Ingekuwa haibishi, wavuvi wasingerudi nyumbani wakati wa kusi. Kinachotugharimu ni kugeuka. Mwenye Laser anasukuma usukani, anainama, tanga linampita kichwani, na ameshamaliza. Sisi tunapogeuka, tunaliacha demani, ile kamba ya nyuma ya tanga, chombo kinaangukia upande wa chini ya upepo, mtu mmoja anakwenda omo, yaani mbele ya chombo, anaisimamisha foromali karibu na mlingoti na kuivusha kwa mbele, mwingine anakimbia na kamba ya demani kuizungusha upande wa pili, na yule aliyekaa kwenye tengo, zile mbao za pembeni zinazozuia chombo kupinduka, anarudi ndani na kutoka upande mwingine. Kama kuna wimbi, yule wa omo anaifanya kazi hiyo akiwa amekumbatia mlingoti kwa mguu mmoja. Kila ukigeuka hivyo unatoa zawadi ya mita nyingi. Unaweza kuiacha foromali ilipo na tanga likaegemea mlingoti, lakini hapo tumbo la tanga linakatika katikati na unakwenda nusu mwendo.

Kwa hiyo nahodha mwenye akili anageuka mara chache, anakata mapande marefu, na ndiyo maana watu wa ufukweni huona kama amepotea njia kuelekea Kawe.

Kuhusu ubao wa katikati, Bwana Foromali, nikuulize: hizo Hobie 16 zina ubao wa kushusha? Nilizikagua pale mchangani na sikuuona.

#8 Foromali
Hazina, ni kweli. Kila mtumbwi wa Hobie 16 umechongwa upande mmoja bapa na mwingine wenye tumbo, na umbo hilo ndilo linalozuia kusukumwa pembeni. Matengo ya ngalawa nayo yanasaidia kidogo, kwa kuwa mbao zake huwekwa kwa mshazari zikakata maji. Lakini kusaidia kidogo na kuzuia ni mambo mawili.

#9 MtotoWaFeri
Kwa hiyo mwenye katamarani hana ubao akafika wa kwanza, mwenye ngalawa hana ubao akafika wa saba, na mwenye ubao akapewa ushindi. Mimi nimekuja kutafuta jibu moja, naondoka na matatu.

#10 HesabuKwanza
Swali la ushindi wa jumla halijaguswa, na lina jibu lake. Vyombo vya aina tofauti vinaposhindana pamoja, muda wa kila mmoja hurekebishwa kwa namba ya aina yake. Utaratibu unaotumika sana kwa boti ndogo ni yadistiki ya Portsmouth, ambayo namba zake hutolewa na chama cha tanga cha Uingereza kutokana na matokeo yanayopelekwa na klabu. Unachukua muda wa chombo, unazidisha kwa 1,000, unagawa kwa namba yake. Chombo cha kasi kina namba ndogo na cha polepole kina namba kubwa. Laser, ambayo siku hizi inaitwa rasmi ILCA 7, ina namba ya karibu 1,100, na Optimist inazidi 1,600.

Nilinakili muda kutoka ubao wa matokeo. Katamarani ya kwanza ilitumia dakika 85, Laser ya kwanza 99, na ngalawa ya kiraka cha buluu 132. Laser ukiigawa kwa 1.1 unapata dakika 90. Katamarani, tuseme kamati iliipa namba 900, inapata dakika 94 na sehemu. Kijana wa Laser ameshinda kihalali ingawa alifika dakika 14 nyuma. Tukitaka ngalawa ifungane naye, inatakiwa ipewe namba 1,467.

#11 MtotoWaFeri
Yaani ngalawa ya watu wazima wanne ikae jirani na boti ya mtoto wa darasa la tano. MwanaKunduchi, usiione hii.

#12 MwanaKunduchi
Nimeiona. Mwambieni mwenye hesabu aje Kunduchi kusi likiwa limekaza, achukue hiyo Optimist ya 1,600 na mimi nichukue ngalawa, twende Mbudya na kurudi na ndoo mbili za samaki kila mmoja, kisha agawe kwa namba anayoipenda.

#13 BintiWaMbweni
Habari zenu. HesabuKwanza ameeleza vizuri, lakini tatizo la ngalawa ni la ndani zaidi kuliko ukubwa wa namba. Namba ya Portsmouth ina maana pale tu vyombo vya aina moja vinapofanana. Laser zote zina urefu wa mita 4.2 na tanga la ILCA 7 lina mita za mraba 7.06, awe ameliinua mtu wa Msasani au wa Marseille. Ngalawa hutoka kwenye gogo la mwembe, na gogo ndilo linaloamua. Moja ina mita 5, nyingine inazidi 6, moja imechongwa nyembamba, nyingine fundi aliogopa kulitoboa akaliacha nene. Matanga nayo hushonwa kwa kitambaa kilichopatikana. Ukizipa zote namba moja, utakuwa unampa zawadi mwenye mti mzuri.

Ndiyo sababu kamati iliziweka kwenye orodha yao, na kwa hilo sioni kosa.

#14 NahodhaMstaafu
Dada, hoja yako ni nzito, lakini hata namba za klabu hurekebishwa kulingana na mahali. Utaratibu wenyewe unaziruhusu klabu kufanya hivyo. Kamati ikiandika muda wa kila ngalawa kwa msimu mmoja wa kusi na mmoja wa kaskazi, inaweza kuipa kila ngalawa namba yake binafsi, kwa jina la chombo.

#15 BintiWaMbweni
Inaweza, mzee, ila nahodha mjanja atakwenda polepole msimu mzima ili apewe namba kubwa, kisha siku ya kombe ndipo atakapotweka tanga jipya.

#16 KaskaziNaKusi
Dawa ya yote hayo ni mbio za kufukuzana. Wa polepole wanatangulia, wa kasi wanafuata baada ya dakika zilizopangwa, na atakayekata mstari wa kwanza ndiye mshindi. Mtazamaji wa ufukweni anaelewa mara moja, hahitaji kusubiri ubao wa jioni wala kugawa kitu kwa 1.1. Wavuvi pia wataufurahia utaratibu huo, kwa sababu hakuna mvuvi anayekubali kuambiwa kwamba aliyefika nyuma yake ndiye aliyemshinda.

#17 Foromali
Utaratibu mzuri kwa macho, mbaya kwa upepo wetu. Kusi la hapa hukaza kadiri alasiri inavyosonga, kisha hulegea jua likikaribia kuzama. Ukimtanguliza ngalawa saa saba na nusu upepo ukiwa haujakaza, na katamarani ukaiachia saa nane na nusu upepo ukiwa umeshiba, umeipa katamarani upepo ambao mwenzake hakuupata. Na tena dakika za kumtangulizia mtu zinatoka kwenye namba zilezile ambazo BintiWaMbweni ameshasema hazipo.

#18 MachoYaRasi
Nimesoma hadi hapa na naona mmepita juu ya jambo lililoonekana wazi siku ile. Mimi nilikuwa juu, kwenye jengo moja la upande wa rasi, na nilikuwa naiona ghuba yote. Walioshinda walibisha wakiwa wamelala upande wa rasi, karibu na pwani, ambako maji ni laini kwa kuwa nchi kavu inakinga wimbi. Upepo wa huko una matundu, unakuja kwa mafungu ukipita juu ya miti na maghorofa, na kila fungu linakuja na pembe yake. Laser ni nyepesi, inaamka mara moja fungu likiigusa, na kijana aliyeshinda alikuwa akigeuka kila upepo ulipobadilika. Ngalawa zilikwenda upande wa magharibi, kwenye upepo ulionyooka lakini wenye wimbi fupi linalopiga omo. Mnasema tanga, mnasema ubao, lakini ukweli ni kwamba makundi hayo mawili hayakusafiri kwenye bahari moja.

#19 MwanaKunduchi
Hilo la upande wa magharibi nimeshalieleza: aliyekwenda huko alikuwa anakwepa kugeuka. Ukimweka mwenye ngalawa kwenye upepo wa mafungu chini ya maghorofa, atageuza foromali mpaka mikono itoke malengelenge.

#20 Mtazamaji2
Je, hakuna aliyeona kilichotokea kwenye boya lenyewe? Mimi nimeambiwa ngalawa ilizuiwa na Laser mbili zilizojipenyeza kwa ndani, ikalazimika kuzunguka kwa mbali. Nijuavyo mimi, ngalawa ni chombo cha uvuvi, na kwa sheria za bahari chombo cha tanga hupisha chombo cha uvuvi. Kwa hiyo Laser hizo zilipaswa kuondolewa.

#21 KambaNaFundo
Mkuu, hapo tusahihishane. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinasema chombo kinachovua, yaani kilichotia nyavu au zana nyingine zinazokizuia kugeuka kirahisi. Ngalawa isiyokuwa na wavu majini, inayoshindana kwa tanga, ni chombo cha tanga kama kingine.

Mbio zenyewe zinaongozwa na kanuni za mashindano za shirika la dunia la mchezo huu, ambazo hutazamwa upya kila baada ya miaka minne, na zinazotumika sasa ni za 2025 hadi 2028. Misingi yake ni michache. Anayepokea upepo upande wa kushoto ampishe anayepokea upande wa kulia. Wakiwa upande mmoja na wamepandana, yaani omo ya mmoja imeupita mkia wa mwenzake, aliye juu ya upepo ampishe aliye chini. Wakiwa hawajapandana, wa nyuma ampishe wa mbele. Aliyekosea anajiadhibu mwenyewe hapohapo kwa kuzunguka mara mbili, na aliyegusa boya anazunguka mara moja.

Kwenye boya ndipo penye ugomvi wa vyombo mchanganyiko. Kanuni inaweka eneo la kuzunguka boya lenye urefu wa vyombo vitatu, na kipimo ni urefu wa chombo kilicho karibu zaidi na boya. Kilicho nje humwachia nafasi kilichokuwa kimepandana naye kwa ndani wakati wa kwanza wao alipoingia eneo hilo. Sasa tazameni: ngalawa ya mita 6 ikiwa mbele, eneo linaanza mita 18 kutoka kwenye boya. Laser ikiwa mbele, linaanza mita 12.6. Mwenye Laser anaweza kuamini kwa dhati kwamba alijipenyeza kabla ya eneo kuanza, na mwenye ngalawa akaamini kwa dhati kwamba eneo lilikuwa limeshaanza zamani.

#22 Mtazamaji2
Ahsante kwa ufafanuzi. Basi swali linabaki: Jumamosi ni nani aliyekuwa karibu zaidi na boya?

#23 KambaNaFundo
Hakuna pingamizi lililowasilishwa, na bila pingamizi hakuna aliyesikilizwa. Kinachoniumiza ni kwamba sidhani wavuvi wale waliwahi kuelezwa kwamba wana haki ya kupinga. Mkutano wa manahodha ulifanyika asubuhi, wakati wenzetu wengi walikuwa bado hawajarudi kutoka baharini, na maelekezo yalibandikwa kwa Kiingereza. Unawezaje kumdai mtu kanuni ambayo hukumsomea?

#24 PwaniAsubuhi
Hapo umenena.

#25 FundiKalafati
Mimi natengeneza vyombo, nitasema la kwangu. Hakuna aliyetaja uzito wa maji ambayo mti umekunywa. Gogo la mwembe si faiba. Ngalawa inayolala ndani ya maji wiki nzima huwa nzito kuliko ile iliyopandishwa mchangani ikakaushwa siku kadhaa, ikapakwa sifa (mafuta ya samaki), na chini ikapigwa shahamu ikawa laini. Lakini ukiikausha kupita kiasi jua linaipasua, na siku ya mbio inavuja hata kama umeikalafati. Niliziona ngalawa zile zikisukumwa majini. Ile yenye kiraka cha buluu ilikuwa imetoka kuvua asubuhi hiyohiyo, magamba ya samaki yakiwa bado yamekauka kwenye ubavu wake, na ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo, ilikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Kijana wao alikuwa akiyafua kwa dumu la lita tano lililokatwa mdomo, na kila baada ya muda aliyarusha mengine juu ya tanga ili kitambaa kikaze kisipitishe upepo. Wakati wa kwenda, chombo kikiwa wima, kazi hiyo ni rahisi. Wakati wa kubisha mnahitajika wote upande wa juu wa upepo, na yule aliyekuwa akifua maji amepanda kwenye tengo. Kwa hiyo maji yanabaki ndani, na kila wimbi linaongeza.

#26 Foromali
Fundi, hoja yako inaongeza juu ya yangu, haiiondoi.

#27 FundiKalafati
Sikuja kuiondoa. Nimekuja kusema kwamba ngalawa ileile, nahodha yuleyule, ikipumzishwa na kukaushwa, isingekuwa ya saba.

#28 Mlezi
Naomba nitoke nje kidogo, ila si mbali. Mmezungumza habari za watu wazima, na watoto wa Optimist mmewapita kwa mstari mmoja. Mle ndimo mabaharia wa mashindano wanamotoka. Ushelisheli imempeleka Rodney Govinden kwenye Olimpiki za Rio na za Tokyo akiwa kwenye Laser, na majirani zetu wa Msumbiji waliwapeleka wanawake wawili Tokyo kwenye boti za 470. Pwani yao na yetu ni bahari moja. Hapa kwetu mtoto wa mvuvi anajua kuusoma upepo akiwa na miaka saba, lakini akifika kwenye mstari wa kuanzia hajui kwamba bendera ikipanda zimebaki dakika tano, nyingine ikipanda zimebaki nne, ikishuka imebaki moja. Jumamosi ngalawa mbili ziliachwa mstarini kwa sababu hiyo tu.

#29 MkaziWaMsasani
Mlezi, ahsante, hilo la bendera nililiona na sikulielewa. Kumbe ndiyo sababu wale wawili walikuwa bado wanafunga henza (kamba ya kutwekea tanga) wakati wenzao wameshaondoka. Lakini ile ya kiraka cha buluu iliondoka vizuri, hata kabla ya baadhi ya Laser.

Wakuu, naona sababu sasa ni za kujaza daftari. Kuna yeyote aliyekuwa majini, karibu na boya?

#30 Hobi16
Nilikuwa kwenye katamarani ya pili. Tulipokuwa tunalikaribia boya, tuliiona ngalawa mbele yetu imelegeza tanga na watu wawili wako omo wanahangaika na kamba ya joshi, ile inayoshika pembe ya mbele ya tanga. Kwa maoni yangu ilikatika au ilifunguka. Walipoteza dakika nyingi hapo. Sikuona Laser yoyote ikiwazuia.

#31 MachoYaRasi
Hiyo haikuwa ya buluu. Iliyolegeza tanga ilikuwa ile yenye tanga lililofifia, la rangi ya chai, na ilikuwa bado haijafika boyani. Niliifuatilia kwa sababu nilidhani inataka msaada.

#32 Hobi16
Mkuu, wewe ulikuwa ghorofani, mimi nilipita kiasi cha kusikia wanavyoitana.

#33 MachoYaRasi
Na mimi nilikuwa na darubini, nawe ulikuwa umening'inia ubavuni ukipigwa na maji usoni.

#34 BintiWaMashua
Salaam kwa wote. Nilikuwa kwenye mashua iliyotia nanga karibu na boya, na nimepata picha tatu nilizopiga kwa simu. Katika picha ya pili ngalawa inazunguka boya, kuna katamarani moja mbele na Laser moja iliyo nyuma kidogo kwa ndani, na simu inaonyesha saa tisa na dakika 5. Nimezipakia hapo chini, tazameni wenyewe.

#35 HesabuKwanza
Ahsante, dada, ila picha hii inaharibu mambo. Ngalawa ilianza saa nane na kumaliza saa kumi na dakika 12. Kama ilizunguka boya saa tisa na dakika 5, basi ilitumia dakika 65 kwenda na 67 kurudi, yaani karibu sawa, na habari zote za nyuzi 60, foromali na maji ya ngama zinapungua uzito. Upande mwingine, Laser ya kwanza ilikata mstari saa tisa na dakika 39. Ikiwa kweli ilizunguka nyuma ya ngalawa hiyo, ilirudi yote kwa kubisha ndani ya dakika 34, na sijaona Laser ya namna hiyo.

#36 NahodhaMstaafu
Labda katika picha si boya la kugeukia. Kulikuwa na boya lingine dogo la kuonyesha mwamba, upande wa kusini zaidi.

#37 BintiWaMashua
Hapana, mzee. Mashua yetu ilitia nanga kwenye boya la kugeukia, la rangi ya chungwa, na hatukusogea mpaka jioni.

#38 Foromali
Basi itakuwa ngalawa nyingine, ya pili au ya tatu, na Laser iliyo nyuma yake ni ya mkiani. Nimeikuza picha, jua liko nyuma ya tanga na lote linaonekana jeusi, kiraka hakionekani cha buluu wala cha rangi nyingine. Katamarani iliyo mbele nayo ina namba gani?

#39 Hobi16
Namba imefichwa na mkono wa mtu, lakini hiyo si yetu.

#40 MtotoWaFeri
BintiWaMashua, simu yako huwa inakwenda na saa ya wapi?